Klarineti ya Nikodemu na Tarumbeta la Hilari

Sauti ilimfikia Nikodemu akiwa ameinama katikati ya mpunga, maji yamemfika magotini. Ilikuja na upepo kutoka ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa misheni ya Ifakara, ikakatika, kisha ikarudi. Wenzake shambani waliendelea kung'oa magugu. Yeye alinyooka, tope likimchuruzika mikononi. Aliijua sauti ile. Mtu alikuwa anapuliza klarineti, na alikuwa anaipuliza vibaya.

"Kuna nini, Baba Eufrasia?" mkewe Klementina akauliza.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, nawe umesimama kama korongo aliyeona samaki?"

Nikodemu akainama tena. Lakini asubuhi ile aling'oa mpunga pamoja na magugu, mpaka Klementina akamfukuza akakae ukingoni. Hakukaa. Alitembea juu ya tuta, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, kila mara akigeuza sikio kuelekea mtoni.

Ulikuwa mwaka wa 1911, Wadachi wa Ujerumani bado wanatawala, na vita ya Maji Maji watu walikuwa bado wanaisimulia kwa sauti ya chini. Kabla ya vita hiyo Nikodemu alikuwa kijana katika misheni moja ya milimani, upande wa Mahenge. Baba yake, Mndamba mvuvi, alimpeleka huko kwa sababu alikuwa mtoto asiyetulia, akadhani Wazungu watamtuliza. Bruda mmoja mzee akaunda bendi ya vijana, na Nikodemu akapewa klarineti, mti mweusi wenye vifuniko vya chuma juu ya matundu. Watu wa vijijini waliiita zumari la padri, basi. Alichokipenda hakikuwa zumari lenyewe. Alipenda ile nukta ambapo wote walivuta pumzi pamoja kabla ya sauti ya kwanza. Hapo, na hapo tu, alitulia.

Kisha vita ikaja. Misheni ikachomwa moto, na klarineti ikaungulia humo. Wawili katika wenzake wa bendi wakanywa maji ya dawa, wakaenda kulishambulia boma la Mahenge, hawakurudi. Nikodemu akateremka bondeni kwa Klementina, aliyekuwa amemwoa muda si mrefu. Lakini bondeni nako askari walifika, wakichoma mpunga na maghala ili watu washindwe kwa njaa. Kila mara ilikuwa vilevile. Kwanza lilisikika tarumbeta, halafu ukaonekana moshi. Klementina alikimbilia kwenye matete na mtoto wao wa kwanza mgongoni, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Walijificha humo hadi askari walipoondoka. Mtoto akatoka na homa, na njaa iliyofuata ikammaliza. Nyumbani hawakulitaja tena jina lake.

Tangu hapo Nikodemu alilima, alivua, alivusha watu mtoni kwa mtumbwi wake. Majirani walimsifu kwa bidii. Klementina peke yake ndiye aliyejua kwamba bidii ile ilikuwa ya mtu asiyeweza kukaa kitako. Alikuwa amemwona mara nyingi akiwa amesimama mtumbwini, vidole vyake vikipanda na kushuka juu ya mpini wa kafi, pasipo sauti yoyote.

Kesho yake alivuka kwenda misheni na kitoga wawili begani, kana kwamba amepeleka samaki tu.

Aliwakuta chini ya paa la ghala jipya. Padri kijana aliyetoka Ulaya alikuwa amefika na sanduku la ala, naye alitaka bendi ya kuongoza maandamano ya Sikukuu ya Mwili wa Bwana, mwezi wa Juni. Klarineti ilikuwa mikononi mwa katekista Raimundi, mtu mnene mwenye huruma, aliyekuwa anaipuliza huku macho yamemtoka.

"Unayashika yale matundu ya chini nusunusu," Nikodemu akasema kabla hajasalimia. Akaona haya. "Tumsifu Yesu Kristo, padri."

"Milele amina," padri akajibu. "Wewe unaijua ala hii?"

"Niliijua zamani."

Raimundi hakungoja kuulizwa. "Chukua, ndugu yangu! Inanitoa machozi, na haitoi kitu kingine."

Nikodemu akaipokea. Akaufuta mdomo wake kwa kiganja, akavuta pumzi, akapuliza. Ikatoka sauti ya bata mzinga aliyekanyagwa. Watu wote wakacheka, Raimundi kuliko wote. Akajaribu tena. Vidole vilikumbuka njia, lakini vilikuwa vidole vya mtu mwingine. Miaka ya kafi na jembe ilikuwa imevivika ngozi ngumu, hata havikuyahisi matundu yaliko. Midomo ikatetemeka na kuachia. Jasho likamtoka kana kwamba anapanda mlima na mzigo. Hata hivyo, katikati ya milio ile mibaya, zikatoka sauti tatu safi zikifuatana, na kicheko kikakoma.

"Njoo Alhamisi," padri akasema.

Nikodemu akawasahau samaki wake pale pale chini. Wakaliwa na paka wa misheni.

Nyumbani Klementina alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anapepeta mchele, ungo haukusimama.

"Bendi," akasema. "Kuna tarumbeta?"

"Lipo moja."

"Nani analipiga?"

"Sijamwona. Hakuwapo leo."

Klementina akamwaga pumba. "Sikukatazi. Ukikatazwa utakuwa mgonjwa, nami sina nguvu za kuuguza. Lakini usiniambie nije kusikiliza."

Mpiga tarumbeta alikuwepo Alhamisi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kovu shingoni, anakaa wima hata anapopumzika. Jina lake Hilari. Kwa asili alikuwa Mmanyema, aliyeletwa bondeni na jeshi. Baada ya vita alimwoa Digna, binti wa tawi la mbali la ukoo wa kina Nikodemu, akabatizwa, akaanza kulima kama watu wengine.

"Karibu, shemeji," Hilari akamwambia, akampa mkono.

Nikodemu aliupokea mkono ule. Padri akahesabu, wakavuta pumzi, wakapiga. Walikuwa watu wachache: ngoma kubwa, ngoma ndogo, tarumbeta, klarineti, filimbi mbili, na pembe moja kubwa ya shaba ambayo Viktor, seremala wa misheni, aliikumbatia kama mtoto mgonjwa. Wimbo uliyumba, ukavunjika, ukaanzwa upya. Na bado mwili wa Nikodemu ulisisimka wote. Klarineti na tarumbeta zilikuwa na sehemu ya kupanda pamoja. Hapo ilimbidi alisikilize tarumbeta la Hilari kuliko alivyojisikiliza mwenyewe, apumue Hilari anapopumua, amngoje anapongoja. Mtu yule alikuwa hodari. Sauti yake ilinyooka kama mkuki.

Walipopumzika, Hilari alipasha midomo moto kwa mlio mfupi, wa juu, unaopanda mara mbili na kukatika. Ulimtoka tu, kama mtu anavyokohoa.

Nikodemu akaishusha klarineti.

"Mlio huo umejifunza wapi?" akauliza.

"Jeshini."

"Mwaka ule wa vita ulikuwa upande gani?"

Hilari akamtazama. Hakujifanya hajaelewa. "Nilikuwa mbele ya safu, shemeji, na tarumbeta la namna hii hii. Tulianzia Kilosa, tukashuka bonde lote hili."

"Mlichoma mpunga wetu."

"Wengine walichoma. Mimi nilipiga tarumbeta."

Nikodemu akaiweka klarineti juu ya sanduku, akatoka. Alifika mtoni, akasukuma mtumbwi, akavuka bila kuona maji. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira ile kulikuwa na jambo lililomtia aibu zaidi: tayari alikuwa anajiuliza kama Jumatatu watapiga.

Jumatatu akarudi. Hakumsalimia Hilari, wala hakumwita shemeji. Alikaa upande wa pili wa Viktor, lakini sehemu ile ya kupanda pamoja ilipofika, masikio yake yalikwenda yenyewe kwa mtu yule, kama mbwa asiyejua kwamba wenye nyumba wamegombana.

Miezi ile hakuwa na raha popote. Akiwa shambani alitamani mazoezi. Akiwa kwenye mazoezi alitamani kuondoka. Mto ulifurika, bonde zima likawa ziwa, na njia ya misheni ikawa ya mtumbwi tu, kupitia juu ya mashamba yaliyozama, viboko wakipumua pembeni. Klementina alisema atakufa kwa ajili ya zumari. Ndimi za klarineti, vile vipande vyembamba vya tete vinavyotetemeka mdomoni, zilioza kwa unyevu, na padri hakuwa na nyingine. Nikodemu akakata matete ya mtoni, akayakausha juu ya moto, akayachonga kwa kipande cha chupa. Jioni nyingi zilikwisha hivyo. Karibu ndimi zote alizochonga zilipasuka au zikatoa mlio wa mbu. Moja ikakubali kidogo, nayo ilikuwa na ukali wa moshi hata mate yalibadilika ladha. Binti yao Eufrasia alipenda kumwangalia akichonga. Klementina alimwita mtoto akamlaze.

Sikukuu ikafika. Maji yalikuwa yamepungua, mpunga umeanza kugeuka rangi. Watu walikuja kutoka vijiji vya pande zote, wengi wao hawajabatizwa, wamefuata kuona tu. Walijaa kiwanjani na kando ya njia iliyotandikwa majani. Nikodemu, aliyevaa kanzu nyeupe ya kuazima, alitazama umati ule. Nyuma kabisa, chini ya mti wa mfenesi, alikuwa amesimama Klementina, Eufrasia akimshika nguo. Hakuwa amemwambia kwamba atakuja.

Padri akainua mkono. Wimbo wa kwanza ulianza na tarumbeta peke yake.

Hilari akapiga. Sauti ikapanda, ikakata kiwanja kama panga.

Kwa kitambo kifupi hakuna aliyetikisika. Kisha mwanamke mmoja akapiga kelele, si maneno, kelele tu. Vikapu vya maua vikaanguka. Kina mama wakanyakua watoto, wazee wakakimbia na fimbo zao, watu wakagongana, wakakanyaga majani yaliyotandikwa, wakaelekea wote upande mmoja: mtoni, kwenye matete. Waliokuja kutoka vijiji vya mbali wakakimbia kwa sababu wenyeji walikimbia. Padri akabaki ameinua mkono. Ngoma kubwa ikapigwa mara moja zaidi, ikanyamaza. Pale chini ya mfenesi hapakuwa na mtu.

Nikodemu akamtupia Viktor klarineti, akakimbia.

Alimkuta Klementina mbali, ndani ya mpunga, ameinamisha mgongo, mtoto amembana kifuani na kiganja chake kimemziba mdomo. Eufrasia alikuwa akilia bila sauti, macho makubwa.

"Mama Eufrasia. Ni mimi. Ni bendi tu."

"Najua ni bendi," Klementina akasema. "Najua. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nakuona na hiyo kanzu yako. Sikutaka kukimbia, miguu ilikimbia yenyewe."

Akautoa mkono mdomoni mwa mtoto, akautazama mkono ule kana kwamba si wake.

"Nilimziba mdomo hivi hivi," akasema. "Yule wa kwanza. Askari walikuwa karibu."

Hakuwahi kulisema jambo hilo miaka yote ile. Nikodemu alipiga magoti katika tope, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule wakalitaja jina la mtoto wao, Klementina kwanza, kisha yeye. Walikaa pale mpaka jua likawa kali.

Maandamano yalifanyika alasiri, pasipo bendi. Padri hakumlaumu mtu. Alikuwa mgeni, hakuwa ameambiwa. Aliporudisha ala sandukuni, tarumbeta lilikuwemo lakini mwenye tarumbeta hakuwepo. Hilari alikuwa ameliacha juu ya benchi na kwenda zake.

Wiki zikapita, mpunga ukavunwa. Bendi ilijaribu kupiga bila yeye. Filimbi zilifanya zilivyoweza, na Nikodemu alipofika kwenye ile sehemu ya kupanda, alipanda peke yake, akajisikia kama mtu anayevuka daraja lililokatika katikati. Angepaswa kufurahi. Yule mtu ameondoka. Badala yake alianza tena kutembea juu ya matuta.

"Unamtaka arudi," Klementina akamwambia siku moja wakifunga mizigo ya mpunga.

Nikodemu akaendelea kufunga mzigo wake.

"Sema tu. Nitajua hata usiposema."

"Namtaka arudi. Ninamchukia, na namtaka arudi. Sijui ni mtu wa namna gani mimi."

Klementina akakaza kamba kwa goti. "Mimi sitamsamehe kwa ajili ya wimbo. Lakini kwenda, nenda. Unanikanyagia mpunga."

Alimkuta Hilari nyuma ya nyumba yake, anasuka mtego wa samaki, anausuka vibaya. Digna akaleta kigoda, akaingia ndani. Hilari akaendelea kusuka.

"Nilidhani walikuwa wanakimbia bunduki," Hilari akasema. "Wakati ule. Mimi nilikuwa napuliza, watu wanakimbia, nasema moyoni, wanaogopa bunduki. Siku ya sikukuu hapakuwa na bunduki hata moja. Nilikuwa mimi peke yangu."

"Mke wangu alikuwa mmoja wao."

"Nilimwona." Akauweka chini ule ufito alioushika. "Sipigi tena. Umekuja kunitukana, tukana. Nitakaa hapa hapa."

Nikodemu alikuwa amejiandalia maneno njiani, maneno makali mengi. Akayaacha.

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Bila wewe mimi ni mtu anayepiga mluzi shambani. Rudi, shemeji. Ila usianze wewe."

Hilari alifunika uso kwa mikono yake yote miwili. Alirudi baada ya majuma kadhaa, akaomba akae mwisho wa benchi. Padri akabadili nyimbo ili klarineti ianze. Na Nikodemu, ambaye kwa miezi mingi alitamani tu kujificha ndani ya sauti za wengine, sasa ilimpasa kutangulia peke yake, na ulimi wake wa tete lenye moshi.

Kabla ya mvua kuanza, Wakristo wachache wa kijiji cha Malinyi walijenga kanisa la nyasi, wakaomba bendi. Bendi ikaenda, kwa mitumbwi na kisha kwa miguu, Viktor akigombana na pembe yake njia nzima. Nikodemu hakula asubuhi ile. Alimwambia padri anataka kusema neno na watu kwanza, na padri akamruhusu.

Akawaambia kwa Kindamba kwamba watasikia tarumbeta, aina ile ile, na mpigaji ni yule yule. Minong'ono ikatambaa. Watu kadhaa wakasimama, wakaondoka, na hakuna aliyewazuia. Hilari akatoka mbele, akaliinua tarumbeta kwa mikono miwili ili lionekane, lakini hakulipeleka mdomoni. Akalinyoosha kwa watu.

Mwanamke mmoja mzee aitwaye Balbina, mjane ambaye moto ule wa vita ulimwachia mwana mmoja tu, akasogea. Akalichukua. Akalipima uzito, akaligeuza, akachungulia kwenye kinywa chake kipana, akaingiza mkono mpaka kiganja karibu kikwame.

"Hamna kitu humu," akasema kwa mshangao. Akamtazama Hilari usoni. "Basi kile kilichokuwa kikilia, kilitoka kwako."

"Ndiyo, bibi," Hilari akasema. "Kilitoka kwangu."

Bibi Balbina akamrudishia. "Toa kingine, basi, tusikie."

Nikodemu akaanza. Sauti yake ya kwanza ilikwaruza, ya pili ikanyooka. Ngoma ndogo ikaingia polepole. Alipofika kwenye sehemu ya kupanda hakugeuza kichwa. Alisikia tu Hilari akivuta pumzi, naye akavuta, na tarumbeta likaingia chini ya klarineti, laini, kofia ya mpigaji ikiwa imefunika nusu ya kinywa cha tarumbeta lile. Watu walishikana mikono. Mmoja au wawili walilia. Waliobaki walibaki mpaka mwisho, na Bibi Balbina alidai wimbo ule ule upigwe tena kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa na shughuli ya kuogopa.

Njiani kurudi wenzake walisinzia mitumbwini. Nikodemu alipiga kafi kwa haraka isiyohitajika, akihesabu makosa yake kwa sauti, akimwuliza Hilari kama pale katikati alichelewa au aliwahi, akimwuliza padri lini tena, wapi, nyimbo gani.

"Pumzika, shemeji," Hilari akasema.

"Nitapumzika."

Hakupumzika. Alifika nyumbani akamkuta Klementina anaanika samaki juu ya uchanja. Klementina akamaliza kwanza safu yote.

"Walikimbia?"

"Wachache waliondoka kabla. Waliosikia hawakukimbia."

Klementina akatikisa kichwa taratibu, akageuza samaki mmoja aliyekwisha kumgeuza. Miaka yote ambayo bendi ile ilidumu, mpaka vita ya Wazungu ilipowachukua wanaume, hakuja kuisikiliza hata mara moja. Lakini jioni ile alisogea kando kwenye gogo alilokalia, akaacha nafasi.

"Kaa," akasema. "Kaa kidogo tu. Niambie huyo bibi alikuwa mtu wa wapi."

Nikodemu akakaa. Vidole vyake viliendelea kutembea juu ya goti, na Klementina akaviacha vitembee.